Kuirudia hadithi yako ya zamani ya kishabiki: mwongozo kamili kwa sisi tuliopenda visivyojulikana

Faili lilikuwa linaitwa mwisho_kweli_3.doc. Ndani yake mlikuwa na sura 11 za hadithi ya kishabiki, yaani ile ambayo shabiki huiandika kwa kutumia wahusika wa kazi ya mtu mwingine, niliyoiandika nikiwa na miaka 19, kuhusu mhusika ambaye kwenye mfululizo wa televisheni alikotoka hakuwa hata na jina. Alikuwa msaidizi wa mlinzi wa mnara wa taa. Alionekana katika vipindi vinne, akasema sentensi sita kwa hesabu yangu, na mfululizo wenyewe ukakatishwa baada ya msimu mmoja. Sisi mashabiki, ambao hatukuwahi kuzidi watu 15, tukambatiza Teo. Nje ya watu hao 15 jina hilo halina maana yoyote.

Nilisoma aya mbili nikalifunga. Aibu tupu. Wiki moja baadaye nikalifungua tena, nikaanza kusahihisha papo hapo, juu ya maandishi yale yale, kisha nikahifadhi. Aya nilizozifuta usiku ule hazipo tena popote. Mwongozo huu umezaliwa na kosa hilo.

Hadithi ya kishabiki ya kitu maarufu ikipotea, zimebaki nyingine maelfu. Ya kitu kisichojulikana ikipotea, huenda imeondoka na theluthi ya kila kilichowahi kuandikwa kuhusu mhusika huyo. Ndiyo maana kwetu sisi utaratibu ni huu: okoa kwanza, soma baadaye, sahihisha mwisho kabisa, na huenda ukifika huko ukaona hakuna haja.

Hatua ya 1: Kusanya kila nakala iliyopo

Usiridhike na nakala ya kwanza utakayoiona. Hadithi za zamani zilikuwa na tabia ya kuwa na matoleo matatu au manne: lile lililoandikwa kwenye kompyuta, lile lililotumwa kwa rafiki aliyekuwa anakuhariria, na lile lililopandishwa mtandaoni baada ya masahihisho ya dakika ya mwisho ambayo hukuyarudisha kwenye faili lako. Toleo la mtandaoni mara nyingi ndilo bora, na ndilo ambalo wewe mwenyewe huna.

Anza nyumbani. Kompyuta za zamani, diski za nje, disketi kama bado unazo. Disketi ya inchi 3.5 ilibeba MB 1.44 tu, lakini hiyo inatosha riwaya nzima ya maandishi matupu, na visomaji vya disketi vinavyochomekwa kwenye USB bado vinapatikana. Ukifanikiwa kuisoma, nakili kila kitu kilichomo kwa mkupuo mmoja kisha uitoe. Usianze kufungua faili moja moja humo ndani ukitafakari maisha. Disketi hizo huchakaa, na usomaji unaofanikiwa leo huenda ukawa wa mwisho.

Kisha ingia kwenye barua pepe. Tafuta jina la hadithi, jina la mhusika, neno "sura", na lakabu za watu mliokuwa mkiandikiana. Hapa ndipo nilipopata sura ya 4 na ya 7 ya hadithi ya Teo, zikiwa zimeambatishwa kwenye ujumbe niliomtumia rafiki na maneno "usicheke". Viambatisho vya barua pepe ni hazina iliyosahaulika, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kurudi kuvifuta.

Mtandaoni kazi inategemea hadithi yako iliishi wapi. Tovuti ya hadithi za kishabiki FanFiction.Net ilifunguliwa 1998 na kazi nyingi za miaka ile bado zipo. LiveJournal, tovuti ya shajara za mtandaoni, ilianza 1999 na ilikuwa makazi ya jamii ndogo nyingi. Kurasa binafsi za bure za GeoCities zilizimwa Oktoba 2009, na wengi waliokuwa na ukurasa mdogo wa kitu wanachokipenda waliupoteza hapo. Yahoo Groups, huduma ya vikundi vya barua pepe, ilianza kuondoa maandishi ya wanachama mwishoni mwa 2019, na mwaka uliofuata huduma yote ikafungwa.

Kwa kurasa zilizokufa, nenda kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo imehifadhi kurasa za intaneti tangu 1996. Weka anwani ya zamani ya ukurasa, utaona kalenda ya siku ambazo ukurasa huo ulinakiliwa. Kama hukumbuki anwani kamili, andika sehemu unayoikumbuka na umalizie na alama ya nyota, upate orodha ya kila kilichohifadhiwa chini ya anwani hiyo. Mambo mawili ya kujihadhari nayo. Hadithi ya sura nyingi huwa na ukurasa kwa kila sura, kwa hiyo kupata sura ya 1 si ushahidi kwamba sura ya 9 ipo, zikague zote. Na chochote kilichokuwa kimefungwa kwa nenosiri au kwa marafiki pekee, mashine hiyo haikukiona.

Jambo moja ambalo watu hawalijui: huenda hadithi yako iko kwenye Archive of Our Own, hifadhi ya mtandaoni ya hadithi za kishabiki, bila wewe kuipeleka. Mradi wao unaoitwa Open Doors huchukua kumbukumbu za mashabiki zilizo hatarini kufungwa na kuzihamishia huko, na huwaandikia waandishi kwa anwani za barua pepe walizoziacha zamani. Ikiwa anwani yako ile ilishakufa, ujumbe ulienda hewani. Tafuta humo jina la chanzo chako (mfululizo, kitabu au mchezo uliouandikia) na lakabu yako ya zamani. Ukijikuta, waandikie Open Doors udai kazi yako.

Mwisho, waulize wenzako. Mmoja kati ya wale 15 wetu alikuwa ameichapa hadithi yangu kwenye karatasi. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu angepoteza wino kwa ajili yake.

Hatua ya 2: Funga nakala asili

Tengeneza folda moja, iite "asili", weka kila ulichokipata humo bila kubadilisha hata jina la faili. Kila faili liwekee hali ya kusoma tu. Nakili folda nzima kwenye diski ya nje na mahali pengine nje ya nyumba, kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa mfano. Kuanzia sasa, kila utakachofanya kitafanyika kwenye nakala ya nakala.

Faili za zamani hugoma kufunguka. Kabla hujakata tamaa jaribu LibreOffice, ambayo ni ya bure na inasoma nyaraka za WordPerfect, Microsoft Works na .doc za kale ambazo programu mpya nyingi zinazikataa. Ikifunguka, ihifadhi pia kama maandishi matupu ya .txt. Italiki zitapotea, lakini .txt itasomeka hata programu zote za leo zikifa.

Tatizo jingine litakalokutisha ni herufi zilizovurugika. Mahali palipokuwa na alama ya ritifaa unaona â€™, kana kwamba paka amepita juu ya kibodi. Hakuna kilichoharibika. Maandishi yamehifadhiwa kwa msimbo wa UTF-8 lakini programu inayasoma kwa msimbo wa zamani wa Windows. Yafungue upya, na programu ikikuuliza msimbo wa herufi, chagua UTF-8. Ukiona kinyume chake, yaani vialama vya kuuliza vilivyo ndani ya almasi nyeusi, jaribu Windows-1252, ambao ndio msimbo huo wa zamani. Usifanye kosa la kuvisahihisha kimoja kimoja kwa mkono kabla hujajaribu hili. Mimi nilipoteza jioni nzima.

Hatua ya 3: Isome mahali usipoweza kuigusa

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiruka. Geuza hadithi iwe EPUB, yaani faili la kitabu cha kielektroniki, na uisome kwenye kisomaji cha vitabu au simu, au ichape. Usiifungue ndani ya programu ya kuandikia. Mkono wa mwandishi ukiona kosa na kibodi iko karibu, hautulii, na ukishaanza kurekebisha vituo na nafasi hutaisoma tena hadithi. Utakuwa unapiga deki.

Soma yote kwa siku moja au mbili. Aibu itakuja, mara nyingi ndani ya kurasa tatu za kwanza, kwa sababu mwanzo ndipo tulipojitutumua zaidi. Endelea. Kwangu ilipungua kwenye sura ya 3, pale mwandishi wa miaka 19 alipochoka kujionyesha na kuanza kusimulia.

Weka karatasi pembeni na uandike mambo ya aina mbili tu. La kwanza, mahali uliposahau kwamba unasoma kazi yako. Andika namba ya ukurasa, basi, usieleze. La pili, mahali ambapo hukuelewa nini kinatokea. Makosa ya tahajia, majina yaliyobadilika katikati, sentensi zenye vivumishi vitano, hayo yote yaache, yatakungoja.

Unaposoma, kuna kitu kingine cha kutazama ambacho ni cha hadithi za vitu visivyojulikana peke yake: mambo ambayo jamii yenu iliyabuni na kuyakubali kana kwamba yalikuwa kwenye chanzo. Jina la Teo ni mojawapo. Jingine ni kwamba ana woga wa maji. Hakuna popote kwenye mfululizo anaposema hivyo. Mtu mmoja aliliandika, wengine tukalichukua, na baada ya mwaka kila hadithi ilikuwa nalo. Yaorodheshe haya kando. Msomaji mgeni hatayajua, na wewe ndiye mmoja wa wachache mnaoweza kueleza yalikotoka.

Hatua ya 4: Sasa ndipo urudi kwenye chanzo

Wengi hufanya kinyume: wanatazama upya mfululizo au kucheza upya mchezo wote kwanza, halafu ndipo wasome walichoandika. Sikushauri. Ukitoka kwenye chanzo moja kwa moja, utaisoma hadithi yako kama mkaguzi, ukihesabu ilipokosea. Ukiisoma kwanza ikiwa peke yake, utajua kama inasimama kwa miguu yake.

Na jiandae, chanzo nacho kitakuwa kimebadilika machoni pako. Mnara wa taa niliokumbuka kuwa mrefu na wa kutisha ulikuwa ubao uliopakwa rangi, na ukitazama vizuri unauona ukitikisika mlango ukifungwa. Sentensi sita za Teo zilikuwa tano. Ile ya sita tuliibuni sisi.

Chukua maelezo ya mambo yanayohakikika: nani anamwitaje nani, mpangilio wa vyumba, mfuatano wa matukio. Usiyatumie bado. Mara nyingine kosa la zamani ni bora kuliko ukweli wa chanzo, na hadithi nzima imejengwa juu yake.

Hatua ya 5: Amua itakuwaje

Unaweza kuiacha kama ilivyo. Huu ni uamuzi halali kabisa, tena ndio ninaoupendekeza kwa hadithi nyingi zilizokamilika. Ilishasomwa, ilishapendwa na watu saba, kazi yake imeisha.

Unaweza kuisafisha: tahajia, majina, alama za nukuu, sentensi zilizovunjika. Usafi usipite hapo. Kipimo changu ni kwamba aliyeisoma zamani asitambue kilichobadilika.

Unaweza kuiandika upya. Ukichagua hivi, ihesabu kuwa hadithi mpya, yenye jina lake au angalau tarehe yake, na ya zamani iendelee kuwepo. Kufuta ya kwanza na kuweka ya pili mahali pake ni kumnyang'anya msomaji kitu alichokipenda na kumwambia alikosea kukipenda.

Na unaweza kuiondoa. Kuna sababu nzuri za kufanya hivyo: imeandikwa kwa lakabu ambayo sasa inakuunganisha na jina lako halisi, ina mambo ya mtu mwingine, au ina kitu ambacho leo hutaki kukitetea. Kabla ya kufuta, jua kwamba Archive of Our Own wana njia ya katikati: kuifanya hadithi yatima. Jina lako linaondolewa, hadithi inabaki pamoja na maoni ya wasomaji. Haina kurudi nyuma, ukishaiachia huwezi kuidai tena, kwa hiyo lala usiku mmoja kwanza. Kwa jamii za watu 15 naiona njia hii kuwa ya huruma kuliko kufuta.

Kama mliandika wawili, uamuzi si wako peke yako. Mtafute mwenzako. Akikosekana kabisa, usivuke hatua ya kusafisha.

Hatua ya 6: Ukiamua kuandika upya

Hii hapa sentensi kutoka sura ya 1, kama ilivyokuwa:

"Teo alilitazama lile taa kubwa kwa macho yake ya buluu yenye kina kama bahari huku moyo wake ukidunda kama ngoma, akahisi huzuni kubwa isiyo na kifani, kwani alijua kwamba haitawashwa tena kamwe."

Ni rahisi kuicheka. Taa limegeuka jitu mwanzoni na kurudi kuwa taa mwishoni, macho yana bahari, moyo una ngoma. Lakini ukiikamua, kitu kimoja kinabaki: taa haitawashwa tena. Hicho ndicho kilichomuuma yule mwandishi wa miaka 19, maana mfululizo ulikuwa umekatishwa mwezi ule ule. Nikaandika:

"Teo aliifuta lenzi kwa mkono wa shati, kama kila jioni. Alipomaliza ndipo alipokumbuka kwamba hakuna atakayeiwasha."

Njia niliyoifuata ni hii. Tafuta kwenye sentensi jambo moja lililokusukuma kuiandika. Likate litoke. Halafu jiulize mhusika angekuwa anafanya nini na mikono yake wakati huo, uandike hilo badala ya anachohisi. Usihariri sentensi ya zamani kwa kuondoa neno hapa na pale. Utaishia na mifupa ya sentensi mbaya. Iweke pembeni, andika mpya bila kuitazama, kisha uzilinganishe.

Mahali ulipoweka namba za kurasa katika hatua ya 3, pale uliposahau kwamba unajisoma, usipaguse. Hata kama sasa unajua kanuni inayosema paguswe. Kwangu palikuwa ni ukurasa mzima wa Teo na mlinzi wakihesabu mitungi ya mafuta, hakuna kinachotokea, na leo nisingethubutu kuuandika.

Mazungumzo yasome kwa sauti ukiwa na chanzo masikioni. Mhusika mwenye sentensi tano hana maneno mengi ya kukuongoza, lakini ana mwendo: Teo hakuuliza swali hata moja katika mfululizo mzima. Mimi nilikuwa nimemwekea maswali 40. Nilipoyageuza kuwa kauli, alirudi kuwa yeye.

Hatua ya 7: Hadithi isiyo na mwisho

Kama uliiacha njiani, una mambo mawili ya kufanya, na la kunyamaza si mojawapo. Unaweza kuimalizia. Usijaribu kuiga sauti yako ya zamani. Acha mshono uonekane kati ya sura ya zamani na mpya, wasomaji hawaudhiki.

Au, kama nguvu hazipo, andika muhtasari wa maneno 300 hivi: nini kingetokea, nani angekufa, barua ile ingetoka kwa nani. Uweke kama sura ya mwisho. Kwenye jamii kubwa watu wangelalamika. Kwetu sisi maneno 300 ni karamu.

Hatua ya 8: Irudishe hadharani

Kwanza safisha maelezo ya mwandishi, yale ya mwanzo na mwisho wa sura. Zamani tuliandika humo kila kitu: barua pepe, shule, ugomvi wa siku ile, majina halisi ya marafiki. Yako yanayokutambulisha yaondoe, na ya wengine yaondoe hata kama unadhani hawatajali. Nakala asili imefungwa kwenye folda yake, hakuna kinachopotea.

Ikiwa hadithi ipo tayari kwenye Archive of Our Own na unaisafisha, badilisha maandishi ndani ya sura iliyopo. Ukifuta sura na kuipandisha upya, maoni yaliyokuwa chini yake yanaondoka nayo. Na kwa kuwa waliojiandikisha kuifuatilia hupata taarifa ya sura mpya na si ya marekebisho, unaweza kusafisha kimyakimya bila kumsumbua mtu. Ikiwa unaipandisha kwa mara ya kwanza, unaruhusiwa kuipa tarehe yake ya zamani ili ikae mahali pake katika mfuatano. Fanya hivyo, na kwenye maelezo useme ilitoka wapi.

Lebo ziandike kwa ukamilifu. Kama chanzo chako hakijawahi kuwekwa humo, andika jina lake kamili pamoja na mwaka wake. Watu wa kujitolea wanaopanga lebo watalishughulikia. Kisha ongeza ile orodha ya mambo mliyoyabuni, sentensi mbili tatu tu: jina la Teo ni letu, woga wa maji ni wetu.

Usiiuze. Wahusika na mandhari ni mali ya waliovibuni, hata kama wenyewe wamevisahau.

Wasomaji watakuja polepole. Yapo mabadilishano, ambamo mashabiki huandikiana hadithi walizoombana, yaliyotengwa kwa vyanzo adimu, Yuletide yakiwa makongwe kuliko mengi, yanafanyika kila mwaka tangu 2003, na waombaji wa humo hutafuta kila kilichowahi kuandikwa. Huko ndiko msomaji wangu wa kwanza mpya alikotokea.

Kilichobaki ni kujibu maoni ya zamani ambayo hukuyajibu. Yapo, usijidanganye. Mimi nilikuwa na tisa, na saba kati yake yalikuwa ya mtu mmoja, aliyeandika chini ya sura ya 11 akiuliza kama Teo atashuka mnarani. Nilimjibu miaka mingi baadaye, mahali pale pale alipouliza. Anashuka.